Malezi ya shambani na utumishi wa Mkristo

Mhariri,

Katika mahubiri mengi, mtumishi wa Mungu aliyelelewa shambani husifiwa kwa unyenyekevu, kana kwamba matope ya miguuni pekee humfundisha mtu kujishusha. Mimi niliyekulia kwenye jembe na mifugo naona malezi hayo humpa Mkristo jambo jingine lenye manufaa zaidi, nalo ni mazoea ya kuhudumu kwa saa ambazo hakuzichagua mwenyewe.

Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa asubuhi na jioni, iwe Krismasi au siku ya msiba. Asipokamuliwa, kiwele hujaa na kuwa kigumu, mnyama huteseka na huweza kuugua. Mtoto anayeamshwa alfajiri akakioshe kiwele kwa maji ya vuguvugu na kukikausha kabla ya kukamua, haulizwi kama leo ana moyo wa kutumika. Akinung'unika, nami nilinung'unika sana, ng'ombe hana habari. Miaka ikipita, mtu huyo akiombwa kukesha na mgonjwa au kufagia kanisa waumini wakiisha kutawanyika, hangoji kusukumwa, kwani mwili wake umekwisha kuzoea.

Maandiko nayo yanawakuta wengi wakiwa kazini. Daudi aliitwa kutoka malishoni, Amosi alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu, na Elisha alikuwa akilima kwa jozi kumi na mbili za ng'ombe nabii Eliya alipomtupia vazi lake kumwita amfuate. Elisha alichinja jozi moja, akaipika nyama kwa kuni za zana za kulimia, akawapa watu wakala, ndipo akamfuata Eliya. Utumishi wake ulianza kwa kulisha watu.

Karibu na zama zetu yupo Dan West, mkulima wa Indiana, Marekani, muumini wa Kanisa la Brethren. Akigawa maziwa kwa watoto wenye njaa nchini Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe katika miaka ya 1930, aliona kwamba kikombe kikiisha mtoto hurudi kwenye foleni, na maziwa yasipotosha lazima mtu aamue nani akose. Mwingine angeomba maziwa zaidi, lakini mfugaji huyu aliwaza ng'ombe. Mwaka 1944 mitamba ya kwanza, yaani ng'ombe jike wachanga ambao hawajazaa, ilisafirishwa kwenda Puerto Rico kupitia mpango ambao leo ni shirika la Heifer International, kwa sharti kwamba anayepokea atampa mhitaji mwingine ndama jike wa kwanza. Ni sharti la mtu aliyejua kwamba mtamba huzaa, na kwamba aliyepewa naye anatamani siku moja awe mtoaji.

Hata hivyo, si kila mkulima ni mtumishi. Nabali, tajiri anayetajwa katika Maandiko, alikuwa na kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja, tena ilikuwa sikukuu ya kukata manyoya, lakini aliwafukuza vijana wa Daudi waliokuja kumwomba riziki. Shamba humzoeza mtu kazi bila kumwambia kazi hiyo ni kwa ajili ya nani. Hilo hufundishwa na nyumba yenye sala, inayolichukua kwa uzito agizo la Walawi 19 la kuacha pembe za shamba bila kuvunwa ili maskini na mgeni wapate.

Nayasema haya kwa sababu makanisa mengi sasa huwafundisha vijana utumishi kwa semina, kisha ziara ya siku moja hospitalini yenye fulana na picha. Sidai warudishwe mashambani, na wengi wao hawatakamua ng'ombe maishani. Lakini kanisa linaweza kumkabidhi kijana mzee mmoja asiyejiweza, amfulie nguo na kumsafishia nyumba kila Jumamosi, mvua inyeshe au mtihani ukaribie, na asipokwenda, mzee abaki na nguo chafu na kijana ajue hivyo. Nawaomba viongozi wa vijana wajaribu hilo kwa mwaka mzima kabla ya kuandaa semina nyingine.

Wako katika Kristo,
Mwalimu wa Shule ya Jumapili