Bodi huria sio bodi ya bure, watengenezaji wawe wazi kwenye bei

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu bei za bodi za hadwea huria, yaani bodi za elektroniki ambazo michoro yake imewekwa wazi mtu yeyote aitengeneze, maana naona lawama zinaenda upande mmoja tu. Mtu anafungua orodha ya vipuri ya bodi fulani, anajumlisha chipu, rezista na konekta, anapata kama dola 8 halafu anauliza mbona inauzwa 25, huu si wizi. Jamani sio wizi, hesabu haijaisha.

Tuseme kweli vipuri ni dola 8. Bado hujalipia bodi yenyewe tupu, kazi ya kupachika vipuri, kupima moja moja, zile zinazofeli ukazitupa, boksi, usafiri, na zile wateja watakazorudisha, ukija kushtuka uko kwenye 12. Sasa muuzaji wa rejareja naye anataka chake, tuseme asilimia 40, ukiiuza 20 yeye anachukua 8 wewe unabaki na 12 yaani umefanya kazi bure kabisa. Kwenye 25 yeye anachukua 10, wewe 15, inabaki 3. Hiyo 3 ndo inalipa anayeandika maelezo, anayerekebisha maktaba za programu (kodi iliyoandikwa tayari ya kuendeshea bodi), na toleo linalofuata.

Kuna wanaosema mbona Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ilitoka 2012 kwa dola 35 na Pi Zero 2015 kwa dola 5. Sawa, ila ile sio hadwea huria, huwezi kuchukua faili zake ukaenda kiwandani kutengeneza yako, na wanazalisha kwa mamilioni. BeagleBone Black, nayo kompyuta ya bodi moja, ilitoka 2013 kwa dola 45 na faili zake zote ziko wazi, kwangu mimi hiyo tofauti ya dola 10 na ile Pi ya 35 ina maana kubwa. Na hata hao wakubwa wa Raspberry Pi, chipu zilipoadimika 2021 walipandisha Pi 4 ya RAM giga 2 kutoka 35 hadi 45, sasa mtu anayetengeneza bodi mia tano atafanyaje?

Kloni, yaani bodi za kunakili za bei rahisi, sina ugomvi nazo. Arduino, bodi maarufu ya kujifunzia elektroniki, ilianza Italia 2005 na michoro yake iko wazi, kinacholindwa ni jina na nembo, kwahiyo anayeweka CH340, chipu ya USB ya bei rahisi, badala ya chipu ya USB ya bei juu na akaweka jina lake mwenyewe hajavunja kitu, na wanafunzi wengi wamejifunzia humo. Ila tusichukue bei ya kloni tukasema ndo bei halali, maana aliyetengeneza kloni hakulipia hata mstari mmoja wa ile programu unayoitumia kila siku.

Lakini na watengenezaji nao wasikilize. Msianze na bei ya chini ya kuvutia watu halafu mkitafuta maduka mnagundua hakuna nafasi ya muuzaji, mnapandisha, watu wanaona wamedanganywa. Wekeni asilimia ya duka toka siku ya kwanza hata kama mnauza wenyewe. Halafu kama mmeweka mchoro wazi, mnaficha nini kwenye bei? Andikeni pembeni ya zile faili: vipuri kiasi gani, kupachika kiasi gani, duka kiasi gani, na kinachobaki kinaenda wapi. Na faili ziwe zile zinazofunguka kwenye KiCad (programu ya bure ya kuchora bodi) na kuharirika, sio picha ya PDF, ili asiyeweza hiyo 25 ajitengenezee yake.

Msomaji wako, mpenzi wa elektroniki