Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: mhasibu uliyetuahidi hajafika

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekwisha kukuandikia barua tatu juu ya jambo hili, na zote zina muhuri wa masjala yako kwamba zilipokelewa. Kwa kuwa hapo kwenye muhuri ndipo safari yake ilipoishia, hii ya nne nimeona niiandike hadharani.

Mimi ni mweka hazina wa shirika dogo mkoani Njombe, linalolea watoto yatima na kuwatembelea wagonjwa majumbani. Nilisomea ualimu wa shule ya msingi. Uhasibu nimejifunzia kwenye kaunta buku. Jumanne ya wiki iliyopita mfadhili wetu wa Ulaya alituarifu kwamba amesimamisha awamu ya pili ya fedha, shilingi 38,000,000, na kwamba katika awamu ya kwanza tunadaiwa kurejesha shilingi 4,180,000 ambazo mkaguzi hakuridhika na vielelezo vyake. Hakuna aliyeiba. Nalisema hilo mapema kwa sababu juzi sokoni mama mmoja aliniuliza, huku akicheka, kama bati nimeshanunua.

Ruhusu nikueleze fedha hizo zilivyopotelea kwenye karatasi. Sehemu kubwa ni risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za mafuta na vyakula. Karatasi ile haipatani na joto, nami sikujua. Mwezi Juni na Julai baridi ya huku unaijua, ofisini tunawasha jiko la mkaa, na boksi la risiti lilikaa kwenye rafu iliyo juu ya jiko hilo. Mkaguzi alipolifungua alikuta risiti nyingi zimekuwa nyeusi kama zilizopakwa masizi, na zile nilizobandika kwenye faili karibu na dirisha zimebaki nyeupe, hazina hata tarakimu moja. Mtu aliyesomea kazi hii angeniambia siku ya kwanza kwamba risiti hizo hutolewa nakala siku ileile. Nakala moja ni shilingi 100.

Jambo la pili ni kosa letu kabisa, wala silikwepi. Watoto walikuwa wanatetemeka, tukachukua fedha za kifungu cha mafunzo tukawanunulia masweta. Mkataba uliruhusu kuhamisha asilimia 10 tu ya kifungu bila kibali cha maandishi. Sisi tulivuka, na kibali hatukuomba kwa sababu hatukujua kwamba huombwa. Masweta yapo, watoto wanayavaa, lakini kwenye hesabu ni fedha iliyotumika kinyume. Halafu kuna hili linaloniuma zaidi: mkaguzi aliandika kwamba mtu mmoja ndiye aliyeandaa hati za malipo, akachukua fedha benki, kisha akafanya usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, bila mwingine wa kumkagua. Mtu huyo ni mimi. Ofisi yetu ina waajiriwa watatu, na wengine wawili wako vijijini siku nne kwa wiki.

Sasa nikukumbushe. Mwaka 2023, katika ukumbi wa Halmashauri, ulisimama mbele ya mashirika yote ya wilaya ukatuahidi kwamba mhasibu mmoja wa Halmashauri atakuwa akizungukia mashirika madogo, siku mbili kila mwezi, kukagua vitabu kabla wenye fedha hawajaja kuvikagua. Tulipiga makofi. Kilichofuata ni semina ya siku mbili, yenye bango kubwa, picha ya pamoja na karatasi ya mahudhurio tuliyoisaini mara tatu. Tulifundishwa kuandika maandiko ya miradi. Yaani tulifundishwa kuomba fedha. Namna ya kuitunza ikishafika haikuwamo kwenye ratiba. Semina nyingi nilizohudhuria ziko hivyo, na nadhani ni kwa sababu fedha iliyopatikana hutangazwa, ilhali risiti iliyotunzwa vizuri haina wa kuipiga picha.

Pengine mhasibu huyo alihamishwa. Pengine mafuta ya gari yalikosekana, au kuna anayeona mashirika haya ni ya wapiga dili tu na dawa yao ni kuachwa waanguke. Sijui lipi ni lipi, maana hakuna aliyetujibu. Ninachojua ni kwamba Afisa Maendeleo ya Jamii aliye chini yako ndiye Msajili Msaidizi wa mashirika kama letu, na taarifa zetu hupitia kwake. Katika taarifa ya robo ya tatu nilikosea jumla kwa shilingi 600,000. Ikapigwa muhuri. Kosa nililigundua mwenyewe baada ya miezi miwili, usiku, kwa kikokotoo cha simu.

Sheria hatuikatai. Kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba unaozidi shilingi milioni 20 ufikishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10, nasi tulifikisha. Lakini Halmashauri yenye idara ya fedha na mkaguzi wa ndani inajua vizuri, kila ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapotoka, kwamba hoja za ukaguzi humpata hata aliyesomea. Itakuwaje kwa mwalimu mwenye kaunta buku?

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, wafadhili waliobaki wanaombwa na watu wengi zaidi, na hawana subira na asiyejua hesabu. Wetu ameshadokeza kwamba fedha zijazo zitapitia shirika kubwa la Dar es Salaam, litakalokata gharama zake kwanza ndipo zipande mlima kuja kwetu. Na huu ndio mkoa ambao utafiti wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7, wakati taifa zima ni asilimia 4.4.

Siombi fedha, Ndugu Mkurugenzi. Siombi semina, tafadhali sana, isiwe semina. Naomba mhasibu uliyetuahidi, siku mbili tu, kabla ya tarehe 30 ambayo mfadhili ametupa kujibu hoja. Benki wamekubali kutupatia upya taarifa za akaunti, na mwenye kituo cha mafuta anatafuta kumbukumbu za mauzo yake. Anayejua kuzipanga ndiye hatuna. Nauli yake tutachanga wenyewe, chai ipo, na boksi la risiti nimeliondoa juu ya jiko.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mweka Hazina