Bodi isiyomuajiri mkurugenzi mkuu tusiibebeshe hasara

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee hili suala la mashirika ya umma, maana kila ripoti ya ukaguzi ikitoka tunarudi palepale, hasara, madeni, mtaji umeliwa, halafu baada ya siku chache inatangazwa bodi imevunjwa na watu wanapiga makofi. Mimi sipigi. Nimefanya kazi miaka mingi idara ya hesabu kwenye shirika la serikali, jina nalihifadhi, na nilichokiona ni kwamba mara nyingi bodi inavunjwa kwa maamuzi ambayo haikuyafanya na ya mtu ambaye haikumuajiri.

Angalia mambo yanavyokwenda. Kampuni ya kawaida wenye hisa wanachagua bodi, bodi inamuajiri mkurugenzi mkuu, inampa malengo, inampima, akiboronga inamuondoa, kila mtu anajua anawajibika kwa nani. Kwenye mashirika mengi ya serikali mwenyekiti wa bodi anateuliwa juu, sawa hilo halina shida, mwenye mali ndo anateua, lakini na mkurugenzi mkuu naye anateuliwa hukohuko juu, kwa hiyo wote wawili wana bosi mmoja na mkurugenzi hana sababu yoyote ya kuijali bodi. Mwenyekiti akimbana anapiga simu wizarani. Nimeshuhudia wajumbe wakiuliza maswali ya maana kabisa kuhusu manunuzi, bei imepandaje, kwanini mzabuni ni yuleyule, na wanajibiwa kwamba hilo limeshakubaliwa ngazi za juu, basi kikao kinaruka kwenda ajenda inayofuata, wanasaini posho wanaondoka. Sasa hapo bodi imesimamia nini jamani?

Na hili sio wazo langu la kichwani tu. Miongozo ya OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, kuhusu utawala wa mashirika ya serikali, iliyotoka 2005 ikapitiwa upya 2015 na tena 2024, inasema wazi kwamba serikali iwe mmiliki aliye hai lakini isiingilie uendeshaji wa kila siku, na kwamba bodi iwe na mamlaka ya kumteua na kumuondoa mkurugenzi mkuu. Serikali nyingi zinaikubali miongozo hii kwenye makaratasi, ila kipengele hiki kimoja ndo kinachorukwa kila mahali, kwasababu nafasi ya mkurugenzi mkuu ni zawadi tamu ya kisiasa na hakuna anayetaka kuiachia.

Mtu akitaka kuona mwisho wake aisome habari ya 1MDB, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Malaysia. Ule mfuko ulianzishwa 2009 na katiba yake yenyewe ilikuwa na kifungu kinachotaka maamuzi makubwa, pamoja na uteuzi wa wakurugenzi, yapate kibali cha maandishi cha waziri mkuu, na waziri mkuu huyohuyo Najib Razak ndiye alikuwa waziri wa fedha na ndiye aliyekuwa anaongoza bodi yake ya ushauri. Yaani mwenye mali, msimamizi na mtoa kibali ni mtu mmoja! Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuja kueleza kwamba zaidi ya dola bilioni 4.5 zilichotwa. Bodi ilikuwepo, wakaguzi wa nje walikuwepo na walibadilishwa zaidi ya mara moja, ripoti zilikuwa zinatoka, vikao vilikuwa vinakaa. Kila kitu kilichoandikwa kwenye vitabu vya utawala bora kilikuwepo isipokuwa mtu mwenye nguvu ya kusema hapana. Najib alihukumiwa 2020 kwenye kesi ya kampuni iliyokuwa tanzu ya mfuko huo, akaingia gerezani 2022, lakini deni wamebaki nalo wananchi.

Najua kuna watakaonijibu kwamba ukiipa bodi nguvu zote hizo nayo itatekwa. Ni kweli, na mfano wake ni Eskom, shirika la umeme la serikali ya Afrika Kusini, ambao mimi naona unaumiza kuliko yote. Desemba 2014 iliteuliwa bodi mpya, Machi 2015 bodi hiyo ikawasimamisha kazi vigogo wanne kwa mpigo akiwemo mkurugenzi mkuu, na Tume ya Zondo iliyochunguza utekaji wa dola, yaani watu binafsi kuiweka serikali mkononi mwao, ikaja kuonyesha kwamba walikuwa wanaondolewa ili kuwapisha watu wa kundi la familia ya Gupta, wafanyabiashara waliokuwa karibu na rais wa wakati huo Jacob Zuma. Kwa hiyo bodi pale ilikuwa na meno, ila meno yenyewe yalikuwa ya watu wengine. Shirika lililokuwa linasifika kwa umeme wa bei nafuu likaishia kukata umeme kwa zamu, mwaka 2023 ukawa mbaya kuliko miaka yote, na serikali ikatangaza kulibebea madeni hadi randi bilioni 254. Hilo halinifanyi niseme bodi zinyimwe madaraka. Linanifanya niseme kwamba namna wajumbe wanavyopatikana nayo iwe wazi, nafasi zitangazwe, sifa zijulikane kabla ya majina, vipindi vyao visiishe wote siku moja ili asitokee mtu wa kusafisha meza nzima kwa barua moja, na mjumbe akiondolewa kabla ya muda sababu iandikwe na isomwe hadharani. Bodi iliyopatikana gizani itafanya kazi gizani, uipe madaraka usiipe.

Halafu kuna jambo la pili ambalo linaenda sambamba na hili, nalo ni maagizo. Shirika linaambiwa peleka huduma sehemu ambayo hailipi, shusha nauli, usipandishe bei mwaka huu kuna uchaguzi, ajiri watu mia kadhaa, nunua kwa fulani. Mengine ni maagizo mazuri kabisa, watu wa pembezoni nao wana haki ya umeme na usafiri na hiyo ndo sababu mojawapo ya kuwa na shirika la umma. Tatizo ni kwamba agizo linakuja kwa mdomo, hela haiji, na gharama inazama ndani ya hasara ya jumla. Mwisho wa mwaka huwezi kujua hii hasara ya bilioni kadhaa kiasi gani ni uzembe, kiasi gani ni wizi na kiasi gani ni huduma halali ambayo serikali iliitaka ikakataa kuilipia. Sisi wa idara ya hesabu ndo tulikuwa tunaulizwa mbona gharama zimepanda na hatuna karatasi ya kuonyesha, kwasababu karatasi haikuwahi kuandikwa. Mkurugenzi mzembe anajificha humohumo, akiulizwa anasema ni majukumu ya kijamii, na mkurugenzi mzuri anaonekana mzembe kwa hasara ambayo sio yake.

New Zealand walilimaliza hili kwa sheria ya 1986 ya mashirika ya serikali. Kifungu cha 7 kinasema serikali ikitaka shirika litoe huduma isiyo ya kibiashara, zikae chini pande mbili ziingie makubaliano na serikali ilipe. Basi. Hakuna falsafa ndefu hapo, unataka huduma, andika, lipia, halafu faida au hasara inayobaki ndo ya menejimenti na bodi inaweza kumpima mtu wake kwa haki. Sijui kwanini jambo rahisi hivi linaonekana gumu, au labda najua, ukiandika agizo utaulizwa bungeni hela imetoka wapi.

Mchumi wa Hungaria János Kornai alikuwa anaeleza haya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 akiviangalia viwanda vya serikali vya Ulaya Mashariki, kwamba kiwanda kikishajua serikali itakiokoa kila kikikwama, meneja anaacha kuhangaika na gharama na anaanza kuhangaika na wakubwa, maana ruzuku inatoka kwa wakubwa na sio kwa wateja. Nimewaona kwa macho yangu. Wiki nzima mkurugenzi yuko makao makuu ya wizara na mashine zimekufa kiwandani.

Wapo pia watakaosema dawa ni kuuza kila kitu. Mimi siamini hivyo, na ushahidi uko angani. Ethiopian Airlines ni mali ya serikali kwa asilimia mia, imeanzishwa 1945, imepita mfalme, imepita utawala wa kijeshi, na leo ndo kubwa kuliko zote Afrika. South African Airways nayo ilikuwa mali ya serikali kwa asilimia mia, na Desemba 2019 ikawekwa chini ya wasimamizi wa kuiokoa isife. Umiliki uleule, biashara ileile, bara lilelile. Norway ilipoanzisha kampuni ya mafuta ya Statoil mwaka 1972 ilianzisha na chombo tofauti cha kusimamia sekta mwaka huohuo, ili mwenye biashara asiwe ndo refa, na leo hiyo kampuni inaitwa Equinor, serikali ina asilimia 67, hisa zingine ziko sokoni na serikali inapiga kura yake kwenye mkutano mkuu wa wenye hisa kama wengine. Singapore waliyakusanya makampuni yao chini ya Temasek, kampuni ya serikali ya uwekezaji, mwaka 1974 na uteuzi wa wajumbe wa bodi na wa mkurugenzi mkuu wake lazima rais wa nchi auridhie, mtu ambaye sio yeye anayeendesha serikali ya kila siku. Kila mmoja kapita njia yake, ila wote wamehakikisha waziri mwenye dhamana hawezi kuamka asubuhi akafanya anavyotaka na mali ambayo sio yake.

Kwa hiyo ninachoomba kwa watunga sheria ni vitu viwili tu na naomba visichanganywe na mengine kumi yakapotea. Bodi ndo imuajiri na imuondoe mkurugenzi mkuu, kwa sheria, na uteuzi wa bodi yenyewe uwe wa wazi. Na kila agizo la serikali kwa shirika liwe la maandishi, lenye gharama yake na fungu la kulilipia, na lichapwe kwenye ripoti ya mwaka ili sisi wananchi tuone. Mkaguzi mkuu wa hesabu akipata hivyo viwili ripoti yake itakuwa na majina, sio kama sasa inasema shirika limepata hasara kama vile hasara imejileta yenyewe.

Na wewe Mhariri nina ombi. Waandishi wako wakienda kwenye mkutano wa kutangaza bodi imevunjwa, wasirudi na orodha ya walioondolewa tu. Wamuulize waziri nani alimteua mkurugenzi mkuu, bodi iliwahi kuomba aondolewe ikajibiwa nini, na shirika limepewa maagizo mangapi ambayo hayakulipiwa tangu bodi hiyo ianze kazi. Majibu yachapwe kama yalivyotolewa, na akikataa kujibu lichapwe hilo.

Msomaji wako,
Mstaafu wa idara ya hesabu