Umemeza dawa za kuzuia mzio? Usikimbilie meli bado

"Lakini dawa nilimeza zote, mwanangu."

Hayo aliyasema mzee mmoja kutoka Ukerewe, aliyekuja kwetu Mwanza kupimwa CT skani ya tumbo, yaani picha za ndani ya mwili. Miaka ya nyuma aliwahi kuvimba midomo baada ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha, ile yenye iodini inayopita kwenye mshipa. Safari hii daktari wake akamwandikia vidonge vya kinga, naye akavimeza kwa saa zake. Dakika chache baada ya sindano, muuguzi akamwona anajikuna nyuma ya sikio. Kumfungua shati, kifua kimeumuka vipele kama aliyepakwa upupu.

Vidonge havikuwa feki, na mzee hakukosea. Dawa ya picha inaweza kuzichokoza moja kwa moja seli za mwili zenye akiba ya histamini, zikaimwaga. Prednisolone, mojawapo ya vidonge vya kinga, hupunguza makali ya seli hizo na dawa ya aleji huziba njia za histamini, lakini hazizibi kila tundu. Ndiyo maana hatumwambii mteja yeyote kwamba akimeza yuko salama kabisa. Mara nyingi mzio unaopenya kinga hufanana na ule wa kwanza: aliyewashwa huwashwa tena. Ila aliyewahi kubanwa pumzi au kushuka presha hatumdungi kwa mazoea. Tunampigia daktari wake kwanza, tuone kama ultrasaundi, au CT bila dawa, itatosha.

Saa za kumeza ndizo zinazowasumbua wageni wetu wa visiwani. Utaratibu unaotumika sana ni prednisolone saa 13, saa 7 na saa 1 kabla ya kipimo, na dawa ya aleji pamoja na kidonge cha mwisho. Kama kipimo ni saa nne asubuhi, unaanza saa tatu usiku, unaamka saa tisa usiku, unamalizia saa tatu asubuhi. Anayevikumbuka akiwa ndani ya meli asubuhi hiyo na kuvimeza vyote kwa pamoja amechelewa, maana dawa hiyo huhitaji saa kadhaa kufanya kazi. Tuambie ukweli, tutakupangia siku nyingine. Hatutakugombeza.

Kuna jambo tunalolitilia mkazo kuliko hata vidonge: jina la dawa iliyokudhuru. Iohexol, iodixanol na iopamidol zote ni dawa za picha zenye iodini, lakini si kitu kimoja, na kubadilisha aina mara nyingi husaidia kuliko kurudia ileile juu ya vidonge. Omba hospitali ulikopimwa wakuandikie. Karatasi yenye maneno "ana aleji ya dawa ya CT" haitusaidii sana.

Na samaki? Karibu kila wiki mtu hutuambia hawezi kudungwa kwa sababu sangara au dagaa humwasha. Mzio wa samaki unatokana na protini ya samaki, si iodini. Tuambie, tutauandika kama mzio mwingine wowote, lakini huo peke yake haukunyimi kipimo.

Joto la ghafla mwilini, ladha ya chuma mdomoni, au kuhisi kama umejikojolea ni kawaida, hupita ndani ya dakika moja. Koo kukaza, sauti kukwaruza, kizunguzungu, kukohoa mfululizo: sema hapohapo, hata kama bado umelala kwenye mashine. Adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ipo chumbani, nayo huchomwa pajani bila kusubiri.

Baada ya picha tunakuomba ukae nasi nusu saa, kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa, ikiwa bado mkononi. Tunajua meli ya Nansio haimngoji mtu, kwa hiyo tupigie kabla ya kusafiri tukuweke mapema. Vipele vikitokea nyumbani, hata baada ya siku mbili tatu, tupigie pia.

Yule mzee alipewa dawa, vipele vikatulia, akalala kwa mpwa wake Kirumba na kuvuka kesho yake. Jina la dawa tuliyomdunga tumeliandika kwa wino mwekundu kwenye kadi yake.