Barua kwa Mwanaidi kutoka Songkhla

Songkhla, kusini mwa Thailand
Juni 2025 (huku wanaandika 2568, kwa kalenda yao ya Kibudha, na ndivyo ninavyoandika ubaoni kila asubuhi)

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo, na wanao hawajambo? Mama je, mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Sauti zako zote za WhatsApp nimezisikiliza, nyingine mara mbili kwa raha tu ya kukusikia ukigombana na kondakta. Ila ile uliyoniuliza kama nawe uanze kutafuta makaratasi uje kufundisha huku, sikutaka kuijibu nikiwa juu ya pikipiki. Tulia basi usome.

Kwanza nikutoe hofu ya chakula, maana tumbo lako nalijua. Songkhla iko nyuzi 7 kaskazini ya ikweta, Tanga nyuzi 5 kusini, kwa hiyo jua ni lilelile, jasho lilelile, minazi ileile. Shokishoki zinauzwa kwa kilo kandokando ya barabara, doriani zipo, mafenesi yapo. Mama mwenye nyumba anakuna nazi kwa mbuzi, isipokuwa mbuzi yake imechongwa sungura mzima, masikio na mkia. Nguruwe wanamla sana, hilo ulijue, lakini huku kusini Waislamu ni wengi na migahawa yao ina alama ya halali mlangoni. Asubuhi napata roti na chai ya maziwa inayomiminwa toka juu mpaka itoe povu. Pilipili ndiyo wanazidisha. Usafiri wa mjini ni pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, zile ambazo wazee wetu Dar wakiziita chai maharage. Hata saa za usiku wanazihesabu kama sisi: saa moja, saa mbili, saa tatu usiku, zote zinaangukia palepale petu. Mchana ndipo tunapoachana.

Msikitini ndiko nilikolia. Nilikuwa nimejikaza tangu uwanja wa ndege, nikasali alfajiri ya kwanza, imamu akainua mikono kusoma dua ya kunuti. Ni wa madhehebu ya Shafii kama sisi. Bibi mmoja aliyesali kando yangu akanishika mkono asiuachie, na hatuna lugha ya kusemezana zaidi ya salamu.

Kwa hiyo kule nilikojiandaa kuwa mgeni, sikuwa mgeni sana. Ugeni ulikuwa unanisubiri darasani, mahali ninapopatia riziki yangu miaka yote hii.

Kwa macho utasema ni shule ya kwetu. Saa mbili kamili asubuhi watu wako mstarini, bendera inapanda, wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu na kipaza sauti kinachokoroma. Ukiingia darasani kiranja anapaza sauti, wote wanasimama, “gudi moning ticha” ya kuimba ileile. Viatu wameviacha nje, jozi arobaini zimejipanga mlangoni. Majina ya nyumbani wanayopewa yatakuchekesha. Nina Bank, Golf na Benz kwenye darasa moja.

Kisha unauliza swali. Kimya! Unamtazama huyu, anatazama daftari. Unamtazama yule, anacheka. Na siyo kwamba hawajui, maana ukipita kati ya madawati unakuta jibu limeandikwa vizuri kabisa. Mtu kusimama peke yake akakosea mbele ya wenzake ni aibu kubwa, na mwalimu kumsahihisha hapohapo ni aibu ya wote wawili. Kiboko hakuna, wizara yao ilikipiga marufuku mwaka 2000. Kufeli nako ni nadra: mtoto akikosa alama anarudia mtihani, akikosa tena anapewa kazi nyingine ya kufanya, mpaka apite. Mwalimu mwenzangu Mfilipino, maana wageni wengi shuleni kwetu ni Wafilipino, aliniambia nisimalize wino mwekundu bure. Wewe unayejua nilivyo na kalamu nyekundu, cheka tu.

Sijaukubali mtindo huu wa kupitisha kila mtu. Naona watoto wenye akili wanalegea kwa kujua kwamba mwisho wa siku wote watavuka. Lakini nilipoacha kumnyooshea mtu mmoja kidole, nikawapanga wawiliwawili waulizane bei ya vitu sokoni, kelele ilikuja mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia kuona kuna nini.

Kuna kijana mmoja wa kidato cha pili aliyenichosha roho wiki za mwanzo. Kipindi cha kwanza analala. Simaanishi kusinzia, Mwanaidi, analala, shavu juu ya meza, mdomo wazi. Nikapeleka habari kwa mwalimu wa darasa nikitegemea mzazi aitwe. Akaniambia taratibu: hao ni watu wa mpira. Thailand ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa mpira wa asili, na mashamba mengi yako huku kusini. Utomvu unatiririka vizuri wakati wa ubaridi, kwa hiyo wagemaji wanaingia shambani usiku wa manane, taa imefungwa kichwani, wanatembea mti hadi mti wakichanja gome kwa kisu kilichopinda, chini ya kila chanjo kuna kikombe. Kukipambazuka wanarudi kukusanya. Kijana anamsaidia mama yake, anaoga, anavaa sare, anakuja kwangu. Harufu ya mpira mbichi nimeshaijua, ni uchachu wa ajabu, haitoki mikononi kwa sabuni ya kawaida.

Sasa sikiliza: mvua ikinyesha usiku hawagemi, kwani maji huharibu utomvu. Kwa hiyo siku ya mvua kijana ananijia macho makavu, anajibu, anatania wenzake, na mimi nasimama pale nikijua kwao usiku ule hawakupata kitu. Nimeacha kumwamsha. Kazi yake nampa jioni.

Alhamisi moja mwezi huu tulikuwa na sherehe ya kuwaheshimu walimu, inafanyika shule zote za nchi. Walimu tunakaa kwenye viti, wanafunzi wanakuja kwa magoti wamebeba sinia za maua waliyoyapanga wenyewe. Ndani yake kuna nyasi za ukoka, kwa sababu ukikanyagwa unaota tena. Ua la bilinganya, kwa sababu linainama. Na maua mekundu membamba yenye ncha, wakiomba akili kali. Watoto wa Kiislamu waliinamisha kichwa tu, hawakusujudu, na hakuna aliyewasumbua. Mimi nilikuwa nimekaa pale sijui niweke wapi mikono. Kwetu tunapewa shikamoo na tunaitikia bila kufikiri, ila mtoto mrefu kuliko mimi kunijia kwa magoti, hapana, hilo bado linanipa shida.

Haya, swali lako. Nitakwambia kama lilivyo. Wanaotafutwa kwanza ni wenye pasipoti za Uingereza, Marekani, Kanada na wenzao, na wanalipwa zaidi kwa kazi ileile. Sisi wengine tunaombwa alama za mtihani wa TOEIC kuthibitisha Kiingereza tulichokifundisha miaka kumi. Wakala mmoja aliniandikia bila haya kwamba wazazi wanapenda mwalimu “mwenye sura ya Kiingereza”. Madukani karibu kila losheni ni ya kung’arisha ngozi. Mkorogo wetu wa Kariakoo ni mtoto mdogo. Mtaani watakukodolea macho, watoto wataomba kukugusa mkono, na mara nyingi ni udadisi usio na ubaya. Mara nyingine si hivyo, na utaujua utofauti.

Una shahada ya ualimu, hiyo ni silaha, wengi wanaokuja hawana. Anza na cheti cha polisi, transkripti, na huo mtihani. Ukishafika kuna viza ya kazi, kibali cha kazi, ruhusa ya muda kutoka baraza lao la walimu, na kila siku 90 unaripoti uhamiaji mahali unapoishi. Mtu akikwambia uingie kwa viza ya utalii “mengine tutayamaliza huku”, mkatie simu.

Muhula wa pili unaanza Novemba, na shule zinatafuta walimu mwezi Oktoba. Usiandike barua ya kuacha kazi ya serikali. Omba likizo bila malipo, ujaribu kwanza. Na zungumza na mzee kabla hujamwambia dada yako, maana akijua yeye imejua Tanga nzima.

Ukija niletee dona kilo mbili, unga wa mahindi huku sijauona. Dagaa acha, wanao wao.

Wako,
Rehema