Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi ya Bunge: Kulazimisha vijana jeshini hakutazuia vita

Lamu

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zetu za heshima. Sisi tulioandika barua hii ni walimu wa historia na wanasheria wa hapa Lamu, na tunakuandikia juu ya hoja inayorudi kila vita vinapotajwa, Mkunguni mbele ya ngome na hata kwa wasomi wa Nairobi. Husemwa hivi: laiti kila mwana wa mtu angeweza kuitwa jeshini kwa sheria, wa tajiri na wa maskini, wakubwa wasingekuwa wepesi wa kupeleka majeshi nje, wala raia wasingekuwa wepesi wa kuwashangilia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hoja hii si ya kipuuzi, na upande mmoja ina ushahidi mzito. Upande wa pili ndio unaotutia wasiwasi, tukifikiria jinsi sheria kama hiyo itakavyotumika nchini mwetu. Tunakuomba usiipeleke mbele, na badala yake ushike mambo mengine ambayo Katiba tayari imekupa.

Usiku wa tarehe 1 Desemba 1969, jijini Washington, vidonge 366 vya plastiki ya buluu vilimiminwa ndani ya chombo cha kioo, ili ipigwe kura ya vijana gani wa Marekani waitwe jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Kila kidonge kilikuwa na karatasi ya tarehe moja ya mwaka. Cha kwanza kutolewa kilikuwa na 14 Septemba, na wanaume wote waliozaliwa siku hiyo kati ya 1944 na 1950 wakapata nambari 1. Mwaka uliofuata wito ulikwenda hadi nambari 195 ukasimama hapo. Mwenye 195 aliitwa, mwenye 196 akaenda zake. Kwa bahati hiyo watafiti wakapata kitu adimu: watu wa rika moja na hali moja, tofauti yao ni kura tu. Robert Erikson na Laura Stoker waliwachambua waliokuwa wanafunzi wa sekondari mwaka 1965 wakielekea chuo, ambao walihojiwa tena mwaka 1973 na 1997. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yanaonyesha kwamba wenye nambari ndogo waliigeukia vita ile kwa upinzani mkubwa zaidi, hata wale ambao mwishowe hawakuvaa gwanda, na alama ya jambo hilo ilionekana kwao miaka mingi baadaye. Mwaka huohuo Michael Horowitz na Matthew Levendusky walichapisha utafiti ambamo raia waliulizwa maoni kuhusu vita vya kubuni. Wengine waliambiwa jeshi litakuwa la hiari, wengine la kulazimishwa. Palipotajwa kulazimishwa uungaji mkono ulishuka, na chanzo kikubwa kilikuwa mtu kujifikiria mwenyewe na watu wake.

Kwa hiyo ndiyo, kulazimisha hubadili maoni. Swali ni maoni ya nani, na yanabadilika lini.

Vijana wa Marekani walikuwa wakiitwa kwa lazima tangu kabla ya vita vya Vietnam kupamba moto. Sheria haikumzuia Rais Johnson. Ilimrahisishia kazi. Tarehe 28 Julai 1965 alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba wito wa kila mwezi utapanda kutoka vijana 17,000 hadi 35,000, na hakuhitaji kumshawishi kijana yeyote kwa mshahara wala kwa hoja. Mwaka uliofuata, watu walipohitajika zaidi, vipimo vya kuingia vilishushwa, na katika miaka michache wanaume zaidi ya 300,000 waliokuwa wakikataliwa kwa sababu ya alama za mitihani na kasoro nyingine wakachukuliwa. Wakati huohuo mwanafunzi wa chuo kikuu aliahirishiwa wito maadamu yuko darasani. Agosti 1965, mtu mmoja hivi katika kila wanne ndiye aliyeiambia kampuni ya kura za maoni ya Gallup kwamba kupeleka majeshi kule lilikuwa kosa. Kufikia 1971 walikuwa sita katika kila kumi. Hiyo ndiyo breki inayosifiwa: ilichukua miaka sita kushika, na vita hivyo viliua Wamarekani zaidi ya 58,000 na Wavietnam wengi mara nyingi zaidi ya hao.

Wamarekani wenyewe wameijadili hoja hii bungeni. Januari 2003, Iraki ikiwa haijavamiwa bado, mbunge Charles Rangel wa New York, askari wa zamani wa vita vya Korea, alipeleka mswada wa kurudisha wito wa lazima, na alisema wazi kwamba nia yake ni kuwafanya wenzake wafikiri mara mbili. Oktoba 2004 mswada ukapigiwa kura ukaanguka, 402 kwa 2. Rangel mwenyewe aliupinga siku hiyo, akilalamika kwamba umeletwa kwa hila. Somo tunaloliona hapo ni jepesi: bunge lisilothubutu kuwaita watoto wa wapiga kura lilithubutu kuidhinisha vita. Hatuoni kwa nini la kwetu lingekuwa jasiri zaidi.

Tena uzoefu wa jirani zetu unaonyesha kwamba wito wenyewe si mzani unaoamua. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba uwezo wa kumpiga Amin wanao, sababu wanayo na nia wanayo. Mgambo waliitwa kwa maelfu, na nchi haikugawanyika, kwa kuwa Kagera ilikuwa imevamiwa na kila mtu alijua ilipo. Nyerere huyohuyo, Oktoba 1966, pasipo vita vyovyote, alikabiliwa na maandamano ya wanafunzi wa chuo kikuu walioona masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara, kuwa uonevu. Aliwafukuza karibu 400. Taifa ni moja, kiongozi ni mmoja. Kilichotofautiana ni sababu, na namna mzigo ulivyogawanywa.

Na Malindi, Mheshimiwa, historia hii imesimama bustanini kwa sura ya sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza. Wagiriama walikuwa wakidaiwa kodi na vibarua tangu kabla ya 1914. Agosti mwaka huo, siku zilezile Uingereza ilipoingia vitani Ulaya, serikali ya kikoloni ililipua Kaya Fungo, makao yao matakatifu, kwa baruti, na kutaka wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi kukawa petroli juu ya moto. Kilichofuata ni nyumba kuchomwa na mifugo kutwaliwa, na masharti ya amani yakawa faini na vijana 1,000 wa kufanya kazi. Kufikia 1917 uandikishaji wa lazima wa wapagazi ulienea katika Kenya yote, na makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa malaria na kuhara damu, na unga wa mahindi usioiva vizuri kambini ulikuwa mmoja wa wauaji. Jina la Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam, limebaki kutoka kwa kikosi hicho cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Serikali inayopata watu bila kuwaomba haina haraka ya kuwapikia.

Sasa tuje kwetu, leo.

Wanaodai wito wa lazima husahau kwamba hapa kwetu vijana wanalilia kuingia jeshini. Siku ya kusajili makurutu uwanja hujaa alfajiri, vijana wa miaka 18 hadi 26, vyeti kwenye bahasha ya kaki, wakipimwa urefu, wakikaguliwa meno na nyayo, wakikimbizwa juani. Kuna wanaotapeliwa fedha za familia kwa barua bandia za mwito, ijapokuwa usajili ni bure. Kwa kijana wa aina hiyo jeshi ni ajira, na sheria ya lazima haitamwogofya wala kubadili maoni yake. Itaiogofya familia yenye njia nyingine, na familia hiyo ndiyo yenye daktari wa kuandika cheti, nafasi ya chuo ng'ambo na simu ya mkubwa. Mlango wa msamaha ukiachwa wazi hata upana wa kidole, athari yote inayotafutwa inatoka kupitia hapo, na wanaobaki kwenye orodha ni walewale wanaokwenda leo.

Yako matatizo ya ufundi pia, nayo si madogo. Mfano wa 1969 uliharibika kwa jambo dogo sana: vidonge viliingizwa mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza, Desemba mwisho, na havikuchanganywa vya kutosha. Siku 26 kati ya 31 za Desemba ziliangukia nambari zilizoitwa. Kenya tungeongeza kasoro yetu. Mtu aliyesajiliwa akiwa mkubwa bila cheti cha kuzaliwa huandikiwa tarehe ya kukadiria, na tarehe za namna hiyo hurundikana siku chache za mwaka. Ukipiga kura kwa tarehe ya kuzaliwa, ikitoka 1 Januari umekomba kijiji kizima cha wafugaji au wavuvi. Isipotoka, umewasamehe wote. Kura, kama lazima ipigwe, ingepigwa kwa nambari ya kitambulisho. Na hapo tunagonga mwamba mwingine: Mbajuni wa Kiwayu au Kizingitini amefanyiwa mchujo kwa miaka na miaka ili kupata kitambulisho hicho, akitakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni Mkenya. Itakuwa ajabu serikali iliyomtilia shaka dirishani impate upesi inapohitaji bega la kubeba bunduki.

Lamu tunajua pia kwamba vita huwatoza watu bila wito wowote. Jeshi lilivuka kuingia Somalia Oktoba 2011, baada ya watalii kutekwa Kiwayu na Manda. Uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 ikaja kafyu. Shule za wadi ya Basuba zikafungwa, na watoto wa Milimani, Mangai na Mararani wakapoteza masomo ambayo hakuna aliyewarudishia. Hakuna mkaazi wa hapa aliyehitaji barua ya mwito ili apime vita vile kwa makini. Tena wengi wetu, pamoja na machungu hayo, hawataki jeshi liondoke msitu wa Boni. Kubeba mzigo hakumfanyi mtu apinge vita moja kwa moja. Kunamfanya aulize maswali yenye maana: mpaka lini, kwa shilingi ngapi, na nani amekufa.

Maswali hayo matatu yanaweza kulazimishwa kisheria bila kumlazimisha kijana yeyote, na hapo ndipo tunapoomba kamati yako iweke nguvu.

Kifungu cha 240(8) cha Katiba kinataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje. Mwaka 2011 wanajeshi walivuka kwanza, na Bunge likaja kupiga kura Desemba, juu ya kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika. Tunaomba sheria iseme waziwazi kwamba, isipokuwa nchi imeshambuliwa, idhini hutangulia. Na likitokea shambulio, Bunge liitwe ndani ya siku zilizotajwa. Idhini iwe na tarehe ya kufa. Miezi 12 inatosha, kisha kura mpya, tena ya majina, ili mpiga kura wa Lamu Mashariki ajue mbunge wake alisema ndiyo au la. Mwaka wa kwanza kura hiyo itaonekana ni utaratibu tu. Uzito wake huonekana mwaka wa nne.

Gharama nayo itengwe katika fungu lake, na chanzo chake kitajwe: kodi, mkopo au fidia kutoka nje. Marekani mwaka 1968 iliongeza asilimia 10 juu ya kodi ya mapato kwa sababu ya Vietnam, na watu wakaviona vita kwenye hati ya mshahara. Vita vya Iraki vilipiganwa kwa mikopo huku kodi zikipunguzwa, na vikawa vyepesi kusahaulika. Kodi ya namna hiyo humfikia mwenye mshahara mnono ambaye mwanawe hatafikiwa kamwe na kura ya vidonge.

La waliokufa ndilo gumu zaidi. Baada ya al-Shabaab kushambulia kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, serikali haikutoa idadi kamili, na familia zikawa zinasoma makadirio ya vyombo vya habari vya nje. Tunaelewa kwamba adui pia anasoma magazeti. Ndiyo maana tunapendekeza familia iarifiwe kwanza, kisha baada ya muda maalumu, tuseme siku 30, idadi na kaunti walikotoka ziwekwe mezani Bungeni. Kaunti ni muhimu. Kifungu cha 241(4) kinataka uongozi wa jeshi uakisi sura ya nchi; hakuna anayetangaza iwapo makaburi nayo yanaakisi.

Endapo kamati itaamua hata hivyo kuupokea mswada wa wito wa lazima, basi kifungu cha misamaha kiandikwe kwanza kabla ya vingine vyote, kisiwe na msamaha wa masomo unaorudiwa mwaka hadi mwaka, na majina ya wanaosamehewa kwa sababu za afya yapitiwe na bodi ya madaktari wasiotoka kaunti hiyo.

Na kikao cha kusikiliza maoni kisifanyike hoteli ya Nairobi au Mombasa pekee. Kifanyike Faza, kisiwani Pate. Nakala za mswada zije kwa Kiswahili wiki mbili kabla, na tarehe ipangwe kwa kutazama maji: mlango wa Mkanda, njia ya mashua ya kwenda huko, haupitiki vizuri maji yakipwa, na mtu wa Amu (mji wa Lamu) hafiki Faza saa tatu asubuhi kama maji yamejaa saa saba.

Wako kwa heshima,

Walimu wa historia na wanasheria, Lamu