Shukrani kwa Wote Mliotusindikiza Kumzika Mtoto Wetu, Mvumi

Ndugu, jamaa na marafiki, mbukwenyi.

Sisi wana familia wa hapa Mvumi, wilayani Chamwino, tunawashukuru wote mliokuwa nasi tangu usiku ule tulipopigiwa simu kwamba kijana wetu, rubani wa jeshi, amefariki katika ajali ya helikopta akiwa kwenye mafunzo ya urukaji, hadi tulipomlaza jirani na babu yake. Hatuwezi kumfikia kila mmoja. Tunaomba mzipokee salamu hizi kana kwamba tumekuja kubisha hodi kwenu.

Vijana mliochimba kaburi, tunaanza na ninyi. Kiangazi hiki ardhi yetu imekauka ikawa kama saruji. Sururu mbili zilivunjika mipini, na bado hadi saa nne asubuhi kaburi lilikuwa tayari. Kina mama wa kanisa pamoja na majirani zetu Waislamu, mlisonga ugali wa uwele na kupika mlenda siku zote za msiba, maji mkiyafuata mbali kwa madumu. Mungu awalipe.

Kwa JWTZ, na hasa wenzake wa Kamandi ya Jeshi la Anga: mlimleta nyumbani kwa heshima, hamkutuacha peke yetu hata saa moja. Wawili wenu walikesha kando ya jeneza. Tulimwona mmoja, kila upepo ulipokunja pembe ya bendera ya Taifa, anainama na kuinyoosha kwa kiganja. Bendera hiyo sasa anayo mama yake. Ameifunga kwenye kanga, iko sandukuni.

Wengi mmetuuliza chanzo. Uchunguzi uko mikononi mwa jeshi, nasi tunausubiri. Likizo yake ya mwisho, baba alimuuliza: injini ikizima angani, inakuwaje? Akasema pangaboi halisimami. Helikopta ikishuka, upepo wa kutoka chini unalizungusha, na rubani aliye juu vya kutosha anaweza kutua salama. Akiwa chini sana, muda haumtoshi. Na mazoezi mengine, alisema, lazima yafanyike chini. Tunayoyajua ni hayo tu. Mengine yanayosemwa hayakutoka kwetu.

Shukrani za pekee ziwafikie mliofuta picha za ajali kwenye simu zenu tulipowaomba. Mama yake hajaziona. Kama bado unazo, tunakusihi uzifute leo. Yeye mara ya mwisho alimwona mwanawe akipiga pasi sare mwenyewe, kwa pasi ya mkaa, pale barazani, na tungependa abaki na kumbukumbu hiyo.

Siku ya ibada ya arobaini itatangazwa kanisani. Turubai moja la bluu na sufuria mbili kubwa zimebaki hapa kwetu; mwenyewe apite azichukue, tumeshaziosha.